Nyekundu Kwenye Kichwa Chembamba

Gari la wagonjwa lilikuwa pale pale lilipofia siku ya Jumanne, pua imeelekea lango la zahanati, boneti iko wazi. Inspekta alilizunguka mara mbili, mikono nyuma, bila kugusa kitu. Siku mbili zilikuwa zimepita, lakini harufu ya nyaya zilizoungua ilikuwa bado inakaba koo.

"Afande, kesi hii imeshakwisha," alisema msimamizi wa magari, mtu wa shati lililonyooshwa kwa pasi mpaka kwenye kola, na funguo kibao kiunoni. "Dereva yuko ndani, leo saa tisa anapandishwa kizimbani. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta kwa nini mharibifu apake grisi," alisema Inspekta.

Koplo, aliyekuwa nyuma yake na daftari, aliandika hilo neno grisi halafu akaweka alama ya kuuliza.

Kesi yenyewe haikuwa na mambo mengi. Dereva wa zahanati, ambaye kila mtu alimwita Taratibu kwa sababu ya mwendo wake, alikuwa amegombana na msimamizi wiki iliyotangulia. Alikuwa ameambiwa atahamishiwa gari la maji, naye akajibu mbele ya watu sita, "Tutaona hili litakwendaje bila mimi." Jumanne saa nne aliifungua betri ili asafishe terminali, vile vichwa vya kufungia nyaya, vilivyokuwa vimeota unga mweupe. Akazima swichi kuu iliyo chini ya kiti, akavua nyaya zote mbili, kisha akaitwa ofisini. Huko wakagombana tena kwa karibu saa nzima. Saa tano ikaja simu ya mama mjamzito. Taratibu akakimbia, akakuta boneti imefungwa, akadhani kuna fundi aliyemalizia kazi. Aliwasha swichi, akazungusha ufunguo, moshi ukatoka kwenye dashibodi, gari likawa limekwisha. Mama mjamzito alibebwa kwenye pikapu ya muuza magodoro na kujifungua mlangoni mwa hospitali kubwa. Yeye na mtoto walipona, lakini ilikuwa bahati tu, na kila mtu pale alilijua hilo.

Nyaya zilikuwa zimefungwa kinyume. Uharibifu wa makusudi, yalisema mashtaka, na kosa hilo lilikuwa na miaka ya jela. Mke wa Taratibu alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo cha polisi tangu alfajiri na chupa ya chai ambayo hakuna aliyeigusa.

"Sikiliza, afande," alisema msimamizi, akainama juu ya injini. Hakuwa mjinga, na kazi yake aliijua. "Betri ina vichwa viwili. Chanya ni kinene, hasi ni chembamba. Wamevitengeneza hivyo makusudi. Na vibano vya nyaya ni hivyo hivyo, kikubwa na kidogo. Ukikosea, kibano kinakataa. Kidogo hakiingii kwenye kinene, kikubwa kinacheza kwenye chembamba. Sasa mtu avikosee vyote viwili? Huyo amekaa chini akavilazimisha."

"Hapo nakubaliana na wewe," alisema Inspekta. "Amevilazimisha."

Alichukua tochi ndogo akaangalia kwa karibu. Kibano kidogo cha waya wa bodi, ule unaoshikwa kwenye chuma cha gari, kilikuwa kimepanuliwa kwa bisibisi, pole pole, bila kupasuliwa, kikavalishwa kichwa kinene. Kile kikubwa kilikuwa kwenye kichwa chembamba, na katikati yake palikuwa na kitu cha kijivu. Alikigusa kwa ncha ya kisu, nacho kikaacha mkwaruzo unaong'aa. Ilikuwa pete ya risasi, yale madini laini ya sahani za betri, imekatwa mshazari na kuzungushwa vizuri ili kibano kikamate. Juu ya vyote, grisi nyembamba ilikuwa imepakwa kwa kidole mpaka pembeni.

"Ukitaka kuliua gari," alisema, "utapaka grisi ili terminali zisiote unga mwezi ujao?"

"Labda alikuwa anazuga."

"Labda."

Halafu aliona tone jekundu. Lilikuwa juu ya kichwa chembamba, dogo, la duara, limekauka. Alilikwangua kidogo kwa ukucha, akalinusa. Halikuwa rangi ya mafuta. Ilikuwa rangi ya kucha.

Inspekta aliendelea kuinama kwenye ile boneti kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Umeona nini, afande?" aliuliza Koplo.

"Rangi. Andika, nyekundu kwenye kichwa chembamba. Piga picha."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na gereji ya Fundi Plagi, aliyelihudumia gari la zahanati kila miezi mitatu. Msimamizi alikuwa ameshasema kwamba Taratibu na Plagi ni chanda na pete, na kama dereva alikuwa na msaidizi, basi asitafutwe mbali. Inspekta alivuka barabara haraka. Koplo aliyejua mwendo wake wa kawaida alishangaa, maana alikuwa anatembea kama mtu anayeomba lile neno la msimamizi liwe kweli.

Fundi Plagi alitoka chini ya gari dogo akiwa na oili mpaka kwenye nyusi.

"Mimi nimeungua mara moja tu maishani, na ilikuwa mapenzi," alisema alipoelezwa shida. "Gari la watu siunguzi."

"Kibano kikicheza kwenye kichwa cha betri, wewe unafanyaje?"

"Nakata kopo la soda, nakunja, naingiza. Nikikosa kopo, napigilia msumari pembeni."

"Pete ya risasi je?"

Plagi alicheka. "Afande, umeikumbuka hiyo! Hiyo ni kazi ya wazee wa karakana ya mabasi. Mimi nina wateja wanne hapo wanapiga honi. Nani ana muda wa kukata risasi mshazari?"

Koplo alikwenda kukagua magari mawili yaliyokuwa pale. Moja lilikuwa na kipande cha kopo la soda, bado kina herufi mbili za jina lake. La pili lilikuwa na msumari. Aliyaandika yote mawili, akasikitika kidogo, kwa kuwa alikuwa ameanza kumpenda Plagi kama mshukiwa.

Inspekta alikuwa amesimama mbele ya rafu ya duka. Plagi aliuza pia betri na vipande vyake, navyo vilikuwa vimepangwa kwenye trei za plastiki. Alivipitia kwa macho, na midomo yake ikawa inatembea bila sauti.

Miaka mingi nyuma, katika chumba cha betri cha karakana ya mabasi palikuwa na ubao wa plaiwudi ukutani, na kila aina ya kichwa cha betri ilikuwa imepigiliwa hapo. Mwanamke aliyekiongoza chumba hicho kwa miaka ishirini na sita alikuwa pekee katikati ya wanaume arobaini, na wote walimwita Mama Betri. Ovaroli yake ilikuwa na matundu ya asidi mapajani. Binti yake alifikia hapo kila siku akitoka shule, akaketi juu ya kreti, na mama akaonyesha ubao kwa spana.

"Hiki cha nani?"

"Cha duara, kinene. Cha gari la kawaida."

"Na hiki cha bapa chenye tundu?"

"Cha pikipiki. Unapitisha skrubu."

"Hiki cha ubavuni?"

"Kimejificha huko ili kisiguse chuma cha boneti."

"Cha nati na boliti?"

"Cha lori, na cha boti. Mahali panapotikisika, waya usichomoke."

"Na hiki kiulimi?"

"Cha kengele! Cha taa ya dharura! Kinachomekwa tu!"

"Basi shuka, tukanywe chai."

Ilikuwa furaha tupu, ile chai ya kwenye kopo yenye harufu ya asidi na sabuni. Inspekta hajawahi kunywa nyingine tamu kiasi kile, na ameitafuta sana. Kazi ikiisha, mama alikuwa anatoa kichupa cha rangi ya kucha mfukoni. Rangi ya kampuni haikuwahi kukauka, na mara nyingi haikuwahi kuletwa, kwa hiyo yeye aliwekea alama waya wenye moto kwa rangi yake mwenyewe. Iliyobaki kwenye brashi aliipaka kwenye ukucha wa binti yake, kidole kidogo tu cha mkono wa kulia. "Vingine ukiwa mkubwa," alisema kila mara.

"Afande?" Plagi alikuwa anamwangalia. "Wale wazee walikuwa na jambo moja geni, unalijua? Mabasi yao..."

"Chanya ilikwenda kwenye bodi," alisema Inspekta.

"Hasa! Siku hizi hasi ndiyo inashikwa kwenye bodi, moto unapita kwenye chanya. Wao kinyume. Mzee wa pale ukimwachia gari la leo bila kumkumbusha, anakuunguzia mchana kweupe, tena kwa kazi safi."

Koplo aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. Kilichokuwa hakieleweki kilikuwa kimeeleweka. Aliyefunga betri ile hakuwa analipiza kisasi wala hakuwa fundi mbovu. Alilifungia gari la wagonjwa betri kwa uangalifu wote, kama basi la miaka arobaini iliyopita.

"Afande, tutafute waliobaki wa karakana ile," alisema. "Hawawezi kuwa wengi."

"Kwanza mlinzi," alisema Inspekta. Alitamani mlinzi amtaje mtu mwingine, mwanamume, mgeni, yeyote.

Mlinzi wa zahanati alisimama wima mpaka kofia ikamwinamia.

"Hakuna mgeni aliyeingia Jumanne. Nilisema juzi na leo nasema."

"Wasio wageni je? Nani alikuwa karibu na gari?"

"Wagonjwa wa presha tu, wale wa kila Jumanne. Hukaa pale kivulini wakisubiri dawa." Akatabasamu. "Bibi mmoja alinichekesha. Anatoka, ananiambia, 'Kijana, mwambie dereva basi lake tayari, abiria wasingoje.' Nikamwambia, haya bibi, nitamwambia. Nikasema moyoni, uzee tena."

"Alikuwa ameshika nini?"

"Mkoba mweusi. Na..." Tabasamu lilianza kumtoka. "Na spana, afande. Alikuwa anaifuta na kitambaa."

"Kwa nini hukusema juzi?"

"Niliulizwa kama nimeona mgeni. Yule si mgeni. Huja kila Jumanne."

Koplo alikuwa ameshakwenda kwenye dirisha la kadi. Alirudi na daftari la wagonjwa wa presha, kidole kikiwa kwenye mstari wa saa nne na nusu, na uso umebadilika. Alilijua jina lile. Aliwahi kula kwenye nyumba ile mara nyingi, na mwenye jina aliwahi kumshonea kifungo.

"Afande," alisema kwa sauti ya chini, "nadhani hii..."

"Kuanzia sasa unaandika wewe, mimi siulizi swali," alisema Inspekta. "Ni mama yangu. Siwezi kuchukua maelezo yake. Toa betri kwenye gari la kituo, na nyaya za akiba. Ni saa sita na nusu, tuna muda mdogo."

Mama alikuwa jikoni, anapanga vikombe. Gauni lilikuwa safi, kilemba kimekaa sawa, na alipowaona alifurahi waziwazi.

"Koplo, mwanangu, umekonda! Huyu anakunyima likizo?" Akamgeukia binti yake. "Umekula, mama?"

"Bado, mama. Koplo ana maswali."

"Aulize. Mimi sijaiba."

Koplo alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Jumanne ulikwenda zahanati, mama?"

"Nilikwenda. Presha imeshuka, daktari kanisifu."

"Ukiwa pale, uligusa gari la wagonjwa?"

Mama alimwangalia kwa mshangao wa kweli kabisa. "Mimi? Gari la watu? Nilikaa, nikapewa dawa, nikarudi. Kwani nimekuwa mtoto?"

Alikuwa hadanganyi. Inspekta alikuwa ameshahoji waongo kwa miaka kumi na tisa, na huyu hakuwa mmoja wao. Mwezi uliopita mama alikuwa ametia chumvi kwenye chai akacheka, na binti akacheka pia. Wiki mbili zilizopita alikuwa ameuliza karakana inafungua saa ngapi kesho. Inspekta alisema moyoni kwamba ni uchovu, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyotaka iwe. Sasa alijuta, na alijua kwamba mtu aliyekuwa analipia majuto hayo alikuwa mahabusu.

Koplo aliiweka betri sakafuni juu ya gazeti, na nyaya mbili pembeni yake. Mmoja alikuwa ameufunga utepe mweupe wenye neno BODI.

"Mama, tunaomba utufungie hii."

Mama aliiangalia betri. Halafu akaufuata mkoba wake mweusi kwenye ndoano, akarudi akiwa na kopo dogo la vidonge. Ndani yake hamkuwa na vidonge. Mlikuwa na pete tano za risasi, zimekatwa mshazari.

Alipiga magoti bila kushikwa mkono. Hakuangalia vichwa, alivipapasa, kidole gumba na cha shahada, kimoja baada ya kingine, huku akitazama ukutani.

"Kinene hiki," alisema. "Cha bodi."

Akapanua kibano pole pole kwa bisibisi, akakivalisha. Kwenye kichwa chembamba akazungusha pete, mshono ukaelekea ndani, akakaza nati, akatikisa waya kuona kama unacheza. Haukucheza. Kila kitu kilikuwa kizuri na kila kitu kilikuwa kinyume. Koplo aliandika bila kuinua macho.

Mama alitoa kichupa cha rangi ya kucha, akaweka tone jekundu juu ya kichwa chembamba.

"Huu ndio wenye moto, msiuguse ovyo," alisema. Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu mwenye haraka na mamlaka. Aliwaangalia wote wawili, akaona sare. "Haya, afande, nimemaliza. Mwambieni dereva wa basi namba kumi na saba alitoe. Mimi nawahi, nina mtoto ananisubiri."

Kalamu ya Koplo ilisimama.

"Andika," alisema Inspekta. "Andika kama alivyosema."

Kisha naye akapiga magoti sakafuni, ng'ambo ya betri, ili mama asilazimike kumtazama kwa kuinua shingo. Mama alikuwa bado ameshika brashi, na rangi ilikuwa imebaki kwenye ncha. Aliitazama ile brashi, akautazama mkono uliokuwa karibu yake, akauchukua kwa mkono wake wenye makovu ya asidi, akaugeuza, akatafuta kidole kidogo. Akakipaka ukucha, mipako miwili, mpaka pembeni.

"Vingine ukiwa mkubwa," alisema.

"Ndiyo, mama."

Saa nane na dakika ishirini Koplo aliweka mbele ya mwendesha mashtaka picha mbili zilizofanana, maelezo ya mlinzi, daftari la presha na kopo la pete tano. Msimamizi wa magari aliitwa. Alizisoma karatasi zote akiwa amesimama, akakaa, akavua miwani. "Nilimwita ofisini betri ikiwa wazi," alisema mwishowe. "Hilo nalo liandikeni." Liliandikwa. Mashtaka yaliondolewa kabla gari la mahabusu halijawasha injini.

Taratibu alitoka akiwa hana mkanda wala kamba za viatu. Mkewe alimpa chai iliyopoa, naye akainywa yote kwa mkupuo. Alikuwa ameshaelezwa.

"Afande," alisema, "yule bibi, ina maana alikuwa ananisaidia?"

"Aliona boneti wazi na nyaya zinaning'inia. Alitaka usichelewe."

Taratibu alifikiri. "Basi mwambie nimeshukuru."

"Nitamwambia. Sijui kama atajua ni nini."

"Mwambie tu."

Palikuwa pamebaki karatasi ya kumwachia huru. Inspekta aliivuta, akachukua kalamu ya Koplo, akatia sahihi akiwa amekiinua kidole kidogo juu kabisa ya karatasi, kana kwamba rangi ilikuwa bado haijakauka vizuri.